Tafakari ya Jumapili: Andazi lisilo na kitu ndani



Leo naomba tuzungumze juu ya chakula. Najua wapo watakaosema Padre ameishiwa mada. Lakini hebu ifungue Injili ya Luka uisome taratibu. Utaona kwamba Yesu karibu kila mara ama anakwenda kula, ama yuko mezani, ama ametoka kula. Wapinzani wake walifikia kumwita mlafi. Na alipotaka kutuachia ukumbusho wake, hakutuachia kitabu alichokiandika wala sanamu yake. Alituachia mlo.

Kwa hiyo namna tunavyokula pamoja si jambo dogo. Mezani ndipo unapojulikana kama wewe ni ndugu wa mwenzako au ni jirani tu wa kwenye benchi la kanisa. Nataka nikusimulie lililotupata katika parokia moja ya pembezoni mwa jiji niliyoitumikia, na sehemu ya kwanza ya simulizi hii inanihusu mimi na kosa langu.

Sherehe iliyomfukuza mtu

Wakatoliki wa Afrika Mashariki tumelelewa katika jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa nchi zetu, wakikutana chini ya AMECEA Nairobi mwaka 1976, waliufanya ujenzi wa jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji. Lengo lilikuwa kwamba Kanisa lisiwe jengo la Jumapili peke yake, bali familia chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja, kusoma Neno, kuzikana na kusaidiana. Kila jumuiya ina somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, na siku ya somo huadhimishwa kwa Misa na chakula.

Jumuiya ninayoizungumzia somo wake ni Mtakatifu Martha, anayekumbukwa Julai 29. Mwaka mmoja kamati iliamua kila kaya ichangie Sh20,000 na atakayeweza alete chakula cha ziada. Siku ilipofika, meza ilipendeza. Kulikuwa na keki ya ghorofa tatu, pilau, kuku na soda za kila rangi. Nikaombwa niseme neno. Nikasimama, nikashukuru, kisha nikasoma majina ya waliotoa na kiasi walichotoa. Nikaisifu sana ile keki. Watu wakapiga vigelegele, nami nikala nikashiba, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika na kazi ya Mungu.

Miezi kadhaa baadaye katekista akanifuata. Alikuwa na orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza na jina moja halikuwepo. Ni la mtoto wa mama mmoja mjane anayeuza mbogamboga, msichana aliyekuwa hodari kuliko wenzake wote katika mafundisho. Unajua utaratibu wetu, msomaji. Ili mtoto aandikishwe, fomu yake iwe na sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa jumuiya. Mama yule hakuipeleka.

Nikaenda kumwona. Nilimkuta anafunga mafungu ya matembele. Akanifutia kigoda, akanikaribisha maji. Nilipomuuliza kuhusu fomu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Padre, tangu ile sherehe sijakanyaga jumuiya. Sikuwa na ile elfu ishirini, na sikuwa na cha kubeba. Nitaanzaje sasa kwenda kuomba muhuri kwa watu ambao jina langu halikusomwa kwao?"

Msomaji wangu, nimesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi seminarini. Siku ile sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimekisoma kwa sauti pale mezani kama orodha ya shukrani, yeye alikuwa amekisikia kama orodha ya wanaostahili kuwepo. Na aliyeisoma ni mimi.

Habari ya Korintho

Nilipofika nyumbani nilifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Sura hiyo tunaisoma Alhamisi Kuu kwa sababu ya maneno ya Ekaristi yaliyomo. Lakini mara nyingi tunayaruka yanayotangulia na yanayofuata, na humo ndimo mlimo na ugomvi wa chakula.

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, na ukajengwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi wa walioletwa kuukalia walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa watu waliopanda haraka na waliopenda ionekane kwamba wamepanda. Wakristo wake, wakubwa na wadogo, walikutana katika nyumba za wenye nafasi, kwani makanisa ya kujengwa hayakuwepo. Walikula mlo pamoja na ndani ya mkutano huo waliadhimisha Meza ya Bwana.

Wagiriki walikuwa na desturi ya zamani ya karamu ya kuchangia, ambayo kila mgeni alikuja na chakula chake au alitoa sehemu yake. Kwa hiyo kuleta chakula halikuwa jambo geni kwao. Shida ilikuwa kwamba mwenye kikapu kizito alifika mapema, kwa kuwa hakuwa na bwana wa kumzuia. Akafungua kikapu chake akala na rafiki zake. Kibarua na mtumwa walifika jioni baada ya kazi, mikono mitupu, wakakuta makombo. Huyu ana njaa na yule amelewa, nao wako nyumba moja na wanasali sala moja.

Mtume Paulo alikuwa Efeso habari hizo zilipomfikia. Ukali wa majibu yake unashangaza. Anawaambia kwamba kwa namna hiyo wanachokula si Meza ya Bwana. Anawauliza kama wanalidharau Kanisa la Mungu kwa kuwaaibisha wasio na kitu. Kisha, baada ya mafundisho mazito juu ya Mwili na Damu ya Kristo, anamalizia na agizo ambalo hata mtoto analielewa: mnapokutana kula, ngojaneni.

Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi. Usiku ule nililisoma kama mtu aliyeandikiwa barua.

Kamati na swali la pai

Mwaka uliofuata, Julai ilipokaribia, niliomba nikae na kamati ya jumuiya. Nilianza kwa kuomba radhi kwa kile nilichokifanya. Kisha nikawaomba tutafute namna ya kusherehekea ambayo hakuna kaya itakayobaki nje kwa sababu ya mfuko.

Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini akatoa wazo. Alisema tuache pilau na keki za kukodi. Kila kaya ilete chakula cha aina moja tu, pai, kila mmoja kwa namna yake. Kukiwa na wazo moja, alisema, hakuna atakayeshindana kwa kuku na mwingine kwa mchicha.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mzee mmoja akasema pai ni kitu cha hotelini na sisi hatuna oveni. Katibu akauliza kama sambusa ni pai. Mwingine akajibu kwamba sambusa ni sambusa tangu kuumbwa kwa dunia. Mama mmoja wa Tanga akauliza mkate wa nyama, ule wa Pwani wenye nyama iliyofunikwa na unga juu na chini, tuuweke wapi kama si hapo. Tulibishana kwa saa nzima kana kwamba tuko kwenye mtaguso!

Yule dada akatuelimisha. Waingereza wenyewe, alisema, ambao tunadhani ndio wenye pai, wana chakula cha nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vya kuponda, hakina hata punje ya unga wa ngano, na wanakiita pai. Wamarekani wana pai ya boga wanayoila kwenye sikukuu yao ya shukrani mwezi Novemba, na hiyo iko wazi juu, haina kifuniko. Kama wao hawajafunga mlango, kwa nini tuufunge sisi?

Tukakubaliana hivi: pai yetu ni chakula chochote chenye kitu ndani ya kitu kingine, au kitu juu ya kitu kingine. Unga uwe wa ngano, mchele, muhogo au mahindi. Kiwe cha kuoka, kukaanga au kuchemsha. Kiwe cha chumvi au cha sukari.

Usidharau uamuzi huo mdogo. Katika maisha ya Kanisa, na hata katika familia, mara nyingi tunawafukuza watu kwa tafsiri na si kwa chuki. Tunaweka maana nyembamba ya harusi nzuri, ya mgeni wa heshima, ya mtoto aliyefaulu, ya mchango unaofaa, kisha tunashangaa kwa nini wengine hawaji. Hatukuwafungia mlango kwa ufunguo. Tuliufanya mlango kuwa mwembamba tu.

Masharti matano

Baada ya hapo tulipanga mambo mengine, nayo nakuandikia kwa sababu huenda ukayahitaji katika jumuiya yako, ofisini au katika ukoo wenu.

La kwanza, hakuna kiwango cha fedha na hakuna orodha ya kusomwa. Sahani zote zikifika zinawekwa kwenye meza moja bila jina. Anayetaka kujua ni nani aliyepika, amuulize jirani yake, ndipo mazungumzo yaanze.

La pili, kazi zihesabiwe kama chakula. Kuna anayeleta unga na kuna anayeleta mikono. Dumu la maji ya kunawa, mkaa, mkeka, kufagia uwanja na kuosha vyombo jioni vyote viliandikwa kwenye karatasi moja na sambusa, mstari kwa mstari.

La tatu, Jumamosi mchana tupike pamoja katika nyumba moja, ili asiye na jiko la kutosha au asiyejua apate pa kupikia. Hapo ndipo nilipoona pai ya nanasi ikiokwa bila oveni: sufuria kubwa, mchanga kidogo chini, moto wa mkaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Akina mama zetu wamekuwa wakioka keki hivyo miaka yote. Mzee wa oveni alinyamaza kimya.

La nne, tuwaalike majirani zetu Waislamu. Hivyo hakuna kitimoto wala pombe katika chochote, na kila mpishi yuko tayari kusema kilichomo ndani ya chakula chake. Pai ina siri, huoni kilicho ndani mpaka uikate. Mwenye kumpenda mgeni wake hamwachi abahatishe.

La tano ni la Mtume Paulo. Hakuna atakayegusa chakula mpaka wote wawe wamefika, hata mama wa mbogamboga ambaye hufunga meza yake saa 10 jioni.

Masharti hayo si mageni katika Kanisa. Wakristo wa karne za kwanza walikuwa na mlo wao wa upendo, walioutaja kwa neno la Kigiriki agape, ambalo maana yake ni upendo. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, gavana wa Bithinia katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trayano juu ya Wakristo aliowahoji. Alimweleza kwamba walikutana kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo, kisha wakakutana tena kula chakula cha kawaida kisicho na madhara. Tertuliani wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, alipoitetea imani mbele ya watawala mwishoni mwa karne ya pili, aliueleza mlo huo kuwa ni wa kiasi, unaoanza na kuishia kwa sala, na unaowasaidia maskini. Msomaji, hebu fikiri. Watu walipotaka kujua Wakristo ni akina nani, walitazama wanavyokula.

Andazi

Siku yenyewe ilifika. Nilikuwa nimekwenda mwenyewe kumwalika yule mama, na nilimwambia ukweli kwamba nilimkosea. Hakuniahidi kitu.

Meza ilijaa vitu ambavyo sikuwahi kuviona pamoja. Sambusa za nyama na za dengu. Mkate wa nyama wa yule mama wa Tanga. Chapati zilizokunjwa zikiwa na mayai ndani. Viazi vitamu vilivyopondwa na kufunika maharage. Pai ya nanasi ya moto juu na chini, iliyoungua kidogo upande mmoja. Jirani Mwislamu alileta trei la sambusa nyembamba kuliko zote, na watu wakaziangalia kwa adabu huku wakimeza mate.

Tukangoja. Saa 10 ikapita. Watoto wakaanza kulalamika, na baadhi ya watu wazima pia, ila kwa macho tu. Saa 10 na nusu mama yule akaingia na binti yake, amebeba beseni dogo lililofunikwa kitambaa. Akaliweka pembeni kabisa ya meza, karibu na chupa za chai, na akarudi nyuma haraka kama mtu aliyeweka kitu cha wizi.

Yalikuwa ni maandazi. Maandazi matupu ya kawaida.

Mzee mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, akafunua kitambaa na kusema kwa sauti, "Lakini haya si pai. Haya hayana kitu ndani."

Uwanja ukatulia. Nilimwona yule mama akimtafuta binti yake kwa mkono. Nami nilijua kwamba kama nitafungua mdomo nitaharibu kwa mara ya pili.

Binti yake akaenda mezani. Akachukua andazi moja, akalipasua kwa vidole. Wewe unayepika unajua kwamba andazi lililoumuka vizuri huwa na uwazi katikati. Akachota kijiko cha maharage kwenye sahani ya viazi vitamu, akajaza ule uwazi, akafunika, akala. Akasema, "Lina nafasi ndani."

Mtoto mwingine akamfuata, akajaza la kwake nyama iliyomwagika kutoka kwenye sambusa. Mwingine akatia nanasi. Baada ya dakika chache watu wazima walikuwa kwenye foleni, na beseni lile ndilo la kwanza kuisha. Yule mzee alikula mawili. Alimwendea mama yule, akamwambia, "Dada, nisamehe, nilisema kwa haraka." Naye akacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Walio na nafasi ndani

Sitaki nikudanganye kwamba kila kitu kilikaa sawa. Familia moja iliyokuwa imeleta keki mwaka uliotangulia ilihuzunika kwa kutotajwa, na ilinichukua muda na ziara mbili kuzungumza nao. Kuacha kuwasifu wachache kwa ajili ya kutowaaibisha wengi kuna gharama yake, na mchungaji aibebe mwenyewe.

Lakini Jumamosi iliyofuata, saa 12 na nusu asubuhi, mama yule alikuwa kwenye jumuiya. Fomu ilipata sahihi na muhuri bila swali. Siku ya Komunyo ya Kwanza nilimpa binti yule Mwili wa Kristo, na nilitetemeka kidogo, kwa kuwa nilijua jinsi nilivyokaribia kumnyima kwa kusoma orodha tu.

Tangu hapo simulizi ya mikate mitano na samaki wawili naisoma kwa jicho jingine. Mwinjili Yohane anasema ilikuwa mikate ya shayiri, na shayiri ilikuwa chakula cha maskini. Andrea aliiona, lakini akauliza itafaa nini kwa watu wengi namna ile. Yule mzee wetu wa maandazi alikuwa na babu katika Injili! Yesu hakubishana juu ya ubora wa mkate. Aliuchukua, akashukuru, akaugawa.

Nawaza pia juu ya somo wao. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza kwamba Julai 29 tuwakumbuke pamoja Martha, Maria na Lazaro, watu wa nyumba moja. Katika sura ya 12 ya Yohane wako wote watatu kwenye karamu ya Bethania: Martha anahudumia, Lazaro ameketi mezani, Maria anampaka Yesu marhamu miguuni. Mmoja ameleta kazi, mwingine ameleta uwepo wake tu, mwingine ameleta kitu cha thamani kubwa. Bwana hakumwuliza Lazaro amebeba nini.

Mpendwa msomaji, huenda wewe ni mwenye keki. Mshukuru Mungu na uilete, lakini iweke mezani bila jina. Huenda wewe ni mzee wa kufunua vitambaa vya wenzako. Jifunze kuomba msamaha upesi, kama alivyofanya yule. Na huenda leo umebaki nyumbani, hujaenda jumuiya wala kanisani, kwa sababu huna cha kubeba. Nakuomba uje hivyo hivyo. Ukiona mikono yako ni mitupu, kumbuka kwamba kitu kitupu kina nafasi ndani.

Na sisi tuliotangulia kufika, tungoje.

Nakutakia Dominika njema yenye baraka.